Mwenye Sinema, Kama Mkwe Wangu Alivyomsimulia

Mkwe wangu alikufa Saza, muda mfupi kabla mgodi wa dhahabu wa pale haujafungwa. Nilimuuguza mimi, na uso wake sikupata kuuona.

Wajukuu wangu wakisikia hivyo hudhani nasema mafumbo. Kwetu Ibaba, na kwa watu wengi wa milima ile, mke wa mwana hakumtazama baba wa mume wake. Hakusema naye, hakupita mbele yake, hakutamka jina lake wala neno lililofanana na jina lake. Jina la mkwe wangu lilikuwa karibu sana na neno letu la chumvi, kwa hiyo tangu niolewe nilisema "kile kinachotiwa kwenye mboga". Hata leo nikiwa dukani ulimi wangu husita kidogo kabla sijaomba chumvi.

Haukuwa ukali. Alikuwa mtu mpole. Alikuwa akikohoa kwa makusudi akikaribia uwanja wetu, ili nipate nafasi ya kuzunguka nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo heshima tuliyopeana, yeye kwa kukohoa na mimi kwa kukimbia.

Nataka kuandika habari zake, lakini siwezi kuziandika bila kumtaja mtu mwingine, Mhindi mmoja ambaye sisi wote wawili hatukumwona kamwe. Alikuwa mtengenezaji wa sinema huko Bombay. Mkwe wangu alimwita Mwenye Sinema. Karibu maneno yote niliyoyasikia kutoka kwa mkwe wangu yalikuwa juu ya maisha ya mtu huyo.

Tulishuka Saza baada ya vita ya pili, mume wangu alipopata kazi ya chini mgodini. Mkwe wangu alikuwa mjane, akatufuata. Alijua cherehani, akapata nafasi kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale karibu na kambi. Alijenga chumba chake nyuma ya nyumba yetu, ukuta kwa ukuta. Saza ni joto. Mimi niliyezoea ukungu wa Ibaba nililia mwezi mzima kwa ajili ya joto lile.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kusema na mimi, alisema na mbwa. Tulikuwa na mbwa mmoja mweusi aliyelala baina ya milango yetu. Nilipeleka chakula kwa mkono wa binti yangu mkubwa, kisha nikamsikia mkwe wangu akisema polepole nyuma ya ukuta:

"Mbwa, uji wa leo ni mzuri, ila aliyeupika alikuwa na haraka."

Nami nikiwa jikoni namwambia mbwa yule yule:

"Mbwa, aliyeupika ana mtoto mgongoni na mwingine miguuni. Anayeona uji haukuiva aukoroge mwenyewe."

"Mbwa," anasema, "kumbe wewe una mdomo."

Basi tuliishi hivyo. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema katika kambi nzima hakuna mbwa anayejua habari nyingi kama wetu.

Sinema zilikuja na gari kutoka Mbeya, si mara nyingi. Zilionyeshwa katika banda la mgodi ambalo mchana lilikuwa la kuwekea mbao. Nyingine zilikuwa za Kizungu, lakini zile zilizojaza watu zilikuwa za Kihindi, maana wenye maduka walizilipia na familia zao zikaja zimevaa vizuri. Walitundika shuka kubwa jeupe katikati ya banda. Wenye maduka, makarani na wafanyakazi walikaa mbele. Waliokosa nafasi, na wanawake wengi wa kambi, tulikaa nyuma ya shuka, kwa sababu picha ilipenya ikaonekana na huku pia. Mimi nisingekaa kwingine hata kama nafasi ingekuwepo. Mkwe wangu alikuwa mbele.

Tukirudi nyumbani, kesho yake alimsimulia mbwa maana yake, kwa kuwa mwenye duka alikuwa akimfafanulia mchana kucha huku yeye akishona. Hivyo ndivyo nilivyoyajua maisha ya Mwenye Sinema. Nayaandika kama alivyoyasema.

Alizaliwa katika mji mdogo ambako baba yake aliuza mafuta ya taa. Hakusoma sana. Alipokua alikwenda Bombay kutafuta kazi, akapata ya kupaka rangi mabango yanayowekwa nje ya nyumba za sinema. Alichora nyuso kubwa za watu ambao hakuwajua. Baadaye akachukuliwa na kampuni ya sinema, akawa mtu wa kumshikia mwavuli mchezaji wa kike asiungue na jua. Wakati huo sinema hazikuwa na sauti. Alishika mwavuli, akatazama kila kitu, mpaka siku moja mkubwa wao akaumwa na yeye akaambiwa aendeshe kazi ya siku hiyo tu. Hawakumrudisha kwenye mwavuli.

Sinema yake ya kwanza watu waliichukia. Walirarua viti. Mkwe wangu alipenda sana sehemu hii. "Mbwa," alisema, "mtu mwingine angekimbia. Yeye aliingia ndani, akakaa katikati ya wale wanaotukana, akasikiliza wanatukana nini." Walikuwa wanatukana kwamba hakuna mtu katika sinema ile anayefanana na mama zao. Basi ya pili akaitengeneza ya mama, mwanamke anayesaga nafaka, na watu wakaja mpaka polisi wakaitwa kupanga mistari.

Toka hapo akapendwa. Na kazi yake ilikuwa na namna yake. Hakukalia kiti, alikaa juu ya sanduku lililogeuzwa. Hakupaza sauti. Alimwendea kila mchezaji akamnong'oneza sikioni, na mwingine hakujua mwenzake ameambiwa nini. Na mtu akilia katika sinema yake, uso huuoni. Unaoneshwa mikono. Mikono inakunja nguo, au inashika mlango, au imelala tu juu ya magoti.

"Anajua huyu," alisema mkwe wangu. "Mtu anaweza kudanganya kwa uso. Mimi nimewashonea watu nguo miaka mingi. Mikono hainidanganyi."

Mimi sikumpenda mara moja. Nilikuwa na neno moja lililonikera, na siku moja nikipepeta ulezi nikalitoa.

"Mbwa, huyo Mwenye Sinema anasifiwa kila siku, lakini watu wake hawana adabu. Wanakula kwa mkono wa kushoto. Wote, hata wazee."

Nikasikia kigoda kikilia upande wa pili.

"Mbwa, aliyekuambia hayo ana macho gani? Wanakula kwa kulia."

"Kushoto. Na bwana harusi alimshika bibi harusi kwa kushoto. Kwetu wangemfukuza."

"Mbwa, usidanganywe na watu wanaosinzia kwenye sinema."

Tukagombana hivyo kwa siku kadhaa, mbwa amelala katikati. Alikwenda kumwuliza mwenye duka, na mwenye duka akaapa kwamba Mhindi hawezi kula kwa kushoto mbele ya watu. Mimi nikasema mwenye duka anawatetea wenzake. Mwishowe nikasikia mkwe wangu akimwita binti yangu, akimpa kitambaa chembamba akiinue juani, akimwambia simama nyuma, inua mkono ule unaolia ugali, sasa njoo mbele. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu niolewe. Alikuwa anacheka, na kicheko chake kilikuwa chembamba kama cha mtoto.

"Mbwa," alisema alipopata pumzi, "mwambie mwenzio yeye anaitazama sinema mgongoni."

Nami nikacheka, nikaacha ungo nikajifuta machozi. Miaka yote ile nilikuwa nimewaona Wahindi wa watu wamegeuzwa, nikawahukumu.

Gari la sinema lilipokuja tena, kabla jua halijazama alimwambia mbwa kwamba leo atakaa nyuma ya shuka. "Nami nataka niwaone wanavyokula kwa kushoto," alisema. Nilielewa. Nilikaa mbele siku ile, kwenye ubao, pamoja na wake za makarani, na maandishi ambayo sikuweza kuyasoma yalikuwa angalau hayajageuzwa. Watu wa kambi walisema mzee anazeeka, ana nafasi mbele anakwenda kukaa nyuma na wanawake.

Baada ya hapo mambo yakawa mazito. Mume wangu alisikia kwamba kwenye migodi ya shaba, Rodeshia ya Kaskazini, kuna kazi iliyo bora kuliko ya Saza, na kila mtu aliona dhahabu yetu inakwisha. Akaenda na wenzake kupitia Tunduma. Alisema atatuita. Nikabaki na watoto na baba yake, na ukuta baina yetu.

Mkwe wangu alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kunijulisha anapita. Nilikijua kwa sauti. Kile cha heshima kilikuwa kifupi, na hiki kilimshika.

Katika siku hizo mwenye duka alipata habari kutoka kwao kwamba Mwenye Sinema amefariki. Alikuwa katikati ya kazi, ameketi kwenye sanduku lake, akaegemea nguzo kama mtu anayefikiri, na wachezaji wakangoja anong'oneze. Sinema ilimaliziwa na mke wake pamoja na wasaidizi. Mkwe wangu siku hiyo alifunika cherehani kwa gunia akarudi nyumbani mchana. Mwenye duka alishangaa, akamfuata mpaka nje.

"Fundi, wewe naumwa?"

"Nimefiwa, bwana."

"Nani kufa?"

"Yule yule aliyekufa kwako."

Mwenye duka naye akafunga duka. Hayo aliniambia mke wake.

Sinema ya mwisho ilitufikia baadaye sana. Mkwe wangu alikuwa nyuma ya shuka, maana sasa hakutaka kikohozi chake kiwasumbue watu. Mimi nilikuwa mbele. Ilikuwa na nyumba moja, mzee mgonjwa kitandani, na mke wa mwanawe. Yule mwanamke anavuta nguo yake kutoka kichwani mpaka inafunika uso wote, anainama, anaingia chumbani na chombo cha maji. Mzee hamwoni yeye, naye hamwoni mzee. Tunaona mikono tu, mikono miwili inatoa maji na mikono miwili inapokea. Ilikaa hapo muda mrefu. Mwanamke wa Kisafwa aliyekaa karibu nami akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe Wahindi nao wana wakwe."

Siku chache baadaye mkwe wangu alisema nyuma ya ukuta. Sauti ilikuwa imepungua.

"Mbwa, kuna jambo la maisha ya mtu yule sikukuambia. Alipokuwa mdogo, babu yake aliugua. Baba alikuwa safarini. Mama yake ndiye aliyempa mzee maji, siku zote, amejifunika nguo usoni. Hakuna aliyemlaumu. Mtoto aliona. Ndiyo maana alipokua akatengeneza vile."

Nilikuwa nakatakata mboga. Sikumjibu mbwa.

Kisha mkwe wangu hakuamka kitandani. Mganga wa kambi alikuja, akatoa dawa, akasema alale na apewe maji mara kwa mara. Jirani yetu mmoja, mwanamume, alikuwa akija akitoka zamu kumgeuza na kumwosha. Lakini jirani alikuwa na kazi yake, na siku ya joto ni ndefu. Binti yangu alipeleka maji akayamwaga kifuani mwa babu yake, akatoka analia. Alikuwa bado mtoto. Alisema babu anatetemeka sana, kinywa hakikutani na kata. Nikamsikia mkwe wangu akijaribu kujivuta kuelekea mtungi, nikasikia akishindwa.

Niliogopa. Sitasema sikuogopa. Kwetu waliamini mwanamke akivunja jambo hili watoto wake watapatwa na ugonjwa wa kuifanya midomo yao kuwa mizito, na mimi nilikuwa na wanne. Nilikuwa nimesoma misheni kidogo, nilijua kusali, lakini hofu ile ilikuwa imeniingia kabla ya kusoma. Nilikaa nje na kata ya maji mkononi mpaka maji yakapata joto. Nikayamwaga, nikachota mengine. Kisha nikavua kaniki ya pili, nikaitupa kichwani, nikaivuta mpaka kidevuni, nikaingia naona vidole vya miguu yangu tu.

"Nani?" alisema.

Sikuweza kujibu. Mbwa alikuwa nje.

Kisha akasema, "Mbwa, huyo anayeingia amejifunika?"

Niligonga kata kwa ukucha.

"Basi aingie."

Nilipiga magoti. Nilitoa mkono na mikono yake ikanifikia. Ilikuwa ya moto. Kidole chake cha kati kilikuwa na sugu pale sindano inaposukumwa, gumu kama kwato. Alikunywa kidogo kidogo, mimi nikishika kata kutoka chini. Nilisikia maji yakipita kooni mwake. Hakunishukuru, maana hakukuwa na mtu wa kushukuriwa mle ndani.

Tukaendelea hivyo. Maji, uji mwepesi, dawa. Nilijifunza chumba kwa miguu. Akiwa na nguvu alisimulia, hakuna mbwa, hakuna ukuta, akielekeza maneno juu kwenye nyasi za paa. Alirudia habari ya mwavuli. Alirudia ya viti vilivyoraruliwa. Mara nyingine alichanganya, Mwenye Sinema akawa fundi wa nguo na mji wa mafuta ya taa ukawa Ikinga, kwao mwenyewe.

Dada yake alikuja kutoka Ikinga tulipompelekea habari. Alinikuta natoka mlangoni nimejifunika.

"Mke wetu, umeingia humo?"

"Nimeingia, shangazi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Nimefunika uso."

"Kufunika uso ni desturi ya nani?"

"Ya Wahindi."

"Na wewe umekuwa Mhindi lini?"

Ndani, mkwe wangu akasema, taratibu, akipumzika katikati ya maneno:

"Dada, umekuja kuniuguza au umekuja kunizika? Kama ni kuniuguza, kaa hapa karibu nami kwenye joto hili. Maji napata."

Shangazi akaingia. Siku ile maji alimpa yeye. Lakini kesho yake aliponiona nasitasita uani, alinitupia kaniki yangu. "Jifunike basi," alisema. "Anakungoja. Maji yangu anasema yananuka moshi."

Alikufa asubuhi. Kata ilikuwa katika mikono yetu yote minne, yake na yangu, kisha uzito wote ukawa wangu. Nilikaa hivyo. Shangazi ndiye aliyeniondoa.

Walipomwosha na kumlaza, wanawake wakiwa wanalia uani, shangazi alinishika bega. "Njoo umtazame mzee wako," alisema. "Sasa yamekwisha, hakuna wa kumwonea haya." Alisema kwa upendo, najua. Sikuenda. Mzee alikuwa ameruhusu maji. Uso hakuwa ameuruhusu, na sasa hakuwa na namna ya kukohoa nikaondoka.

Mwenye duka na mke wake walikuja matanga, wakaketi chini pamoja nasi. Wiki kadhaa baadaye nilikwenda dukani kununua uzi, nikamkuta mke peke yake. Nilimwuliza habari za mama wa Mwenye Sinema, yule aliyempa babu maji.

"Mama yake?" alisema. "Yeye hapana kuwa na mama. Mama nakufa siku yeye nazaliwa. Mjomba nalea yeye. Sisi wote najua hiyo, ndiyo maana sinema yake yote iko mama."

"Na babu yake, aliyekuwa mgonjwa?"

"Babu hapana jua. Nani naambia wewe?"

Nikasema nilisikia vibaya. Nilichukua uzi nikatoka.

Nilifikiri njia nzima. Mtu mwaminifu kama yule, ambaye kwenye hesabu ya kushona hakuongeza hata kipande kimoja cha nguo kisichokuwepo, aliongeza mama katika maisha ya mtu mwingine. Hakuweza kuniomba maji. Hakukuwa na neno la kuniombea, wala kwa mbwa. Basi akamtafuta mwanamke ambaye alikwisha kufanya hivyo bila kulaumiwa, na alipomkosa, akamtengeneza. Nami nilikaa nje na kata mpaka maji yakapata joto. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa, kwamba alisema yote aliyoweza kusema na bado alingoja.

Mume wangu alirudi kutoka Rodeshia miezi mingi baada ya mazishi. Alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa watu. Alikaa kwenye kigoda cha baba yake, hakunitazama.

"Wanasema uliingia."

"Niliingia."

"Nani alikuruhusu?"

"Baba mwenyewe."

"Alikuambia?"

"Hakuniambia. Alisimulia."

Aligeuza kigoda kunielekea. Kisha akasema, "Alisimulia nini?"

Nikaweka chini nilichokuwa nacho, nikaanza tangu kwenye mafuta ya taa. Nilimweleza mabango, mwavuli, viti, sanduku, na namna mtu yule alivyonong'ona. Nilipofika kwa mama mwenye nguo usoni na chombo cha maji nilijua sehemu hiyo si ya kweli. Nilimsimulia hivyo hivyo, kama baba yake alivyoisema, na sikuiruka.